BABU ANA LAND ROVER YA NAMBA TZ? SOMA HII KABLA HAMJAUZA KADI

Wadau, wiki iliyopita nilipanda Kalinzi kumsalimia babu. Wanaoijua njia wanajua: ukishatoka Kigoma mjini na kupita Mwandiga unaanza kuitafuta milima, migomba na kahawa huku na huku, hewa inabadilika, unatoa sweta kwenye begi. Nimefika nakuta wageni wawili wamekaa sebuleni wanakunywa chai. Madalali kutoka mjini. Wamefuata gari la babu.

Gari lenyewe ni Land Rover 109, Series III, zile zilizotengenezwa kati ya 1971 na 1985. Limepaki chini ya mparachichi tangu mimi niko shule ya msingi. Matairi yamekufa, kuku wanatagia siti ya nyuma. Enzi zake lilikuwa likishusha magunia ya kahawa mpaka stesheni ya reli Kigoma, na ikitokea mama mjamzito kazidiwa usiku, lilikuwa ndo gari la wagonjwa la kijiji. Namba yake ni ya TZ, rangi imechubuka lakini inasomeka.

Nikadhani wanataka injini, au labda bodi. Wapi! Walikuwa wanataka vitu vitatu tu: kadi ya gari, kibao cha namba, na kile kibati kidogo cha namba ya chasis kilichopigwa ribiti ndani. Gari lenyewe, eti, "mzee baki nalo, kuku wasije wakahama." Na bei waliyotaja ilizidi ile ambayo wanunua chuma chakavu wangempa kwa gari zima.

Babu alishaanza kufungua sanduku kutafuta kadi. Nikamwambia babu, naomba tulale kwanza, kesho tutaongea. Wale jamaa hawakupenda, lakini chai yao walimaliza.

Ndo maana naandika haya. Wengi mnaosoma hapa kwenu mna gari la namna hii. Kama si Land Rover ni Peugeot 504, Bedford au Datsun ya mzee iliyokaa uani. Watu wanapita kijiji kwa kijiji kuulizia, na sisi vijana tunaona ni bahati, hela ya bure. Hebu tuelewane kwanza kibao cha namba ni kitu gani.

ZAMANI NAMBA ILIKUWA INATAJA KWENU

Enzi za Tanganyika herufi za mwanzo za namba zilitaja mahali gari liliposajiliwa. DS ni Dar es Salaam, AR ni Arusha. Gari likiingia kijijini, hata mtoto alijua huyu katoka mbali. Ukitazama picha za magari ya miaka ile ya kupigania uhuru utaziona. Baadaye zikaja namba za TZ, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 tukaingia kwenye mfumo huu wa sasa: herufi T, tarakimu tatu, herufi tatu. T 100 AAA na kuendelea, nchi nzima daftari moja, chini ya TRA. Pikipiki na bajaji zikapewa MC.

Kwa hiyo leo namba ya Bara haikwambii gari la Kigoma au la Mtwara. Inachokwambia ni mambo mawili. La kwanza rangi: kibao cha njano ni gari binafsi, cheupe ni gari la biashara. La pili ni ile herufi ya kwanza baada ya tarakimu, ambayo mtaani tumeifanya ndo umri wa gari. "Anaendesha namba D." "Kavuta namba E." Ukisema una namba A watu wanacheka, wanadhani unasukuma.

Sasa hapo ndipo penye mtego. Ile herufi haisemi gari limetengenezwa lini. Inasema TRA walilisajili lini. Land Rover ya babu, chuma cha miaka ya sabini, likisajiliwa upya leo litapewa namba inayofanana na ya Toyota IST iliyoshuka melini mwezi uliopita. Kibao kipya, gari la kale. Polisi wa barabarani akiangalia kibao peke yake hawezi kujua. Umri wa kweli uko kwenye kadi na kwenye namba ya chasis. Na hivyo ndo vitu wale jamaa walikuwa wanavitaka!

MCHEZO WENYEWE UKO HIVI

Mtu ana Land Rover au Land Cruiser isiyo na karatasi. Labda imeingia kwa njia ya panya, labda imeibwa, labda ni vipande vya magari matatu vilivyounganishwa gereji. Hawezi kuipeleka TRA, maana ataulizwa ushuru. Na ushuru wa gari kuukuu si mchezo: juu ya kodi nyingine zote kuna ule ushuru wa uchakavu, ambao kwa miaka ya karibuni umekuwa asilimia 15 kwa gari dogo la miaka 8 hadi 10, na asilimia 30 likizidi miaka 10.

Kwa hiyo anatafuta gari lililokufa lenye karatasi hai. Anachukua kadi ya babu, anachomoa kibati cha chasis cha babu, anakigongelea kwenye gari lake, halafu anakuja na hadithi kwamba gari limefufuliwa. Limefufuka kweli, ila kwa jina la nani? La babu yako. Siku likigonga mtu Uvinza na dereva akakimbia, au likikamatwa na mzigo usiofaa, jina litakalotoka kwenye daftari ni la mzee wa Kalinzi ambaye anaamka asubuhi kupalilia kahawa. Yeye atakuwa anajieleza polisi wakati mwenye gari anakula samaki Kibirizi.

Kitu ambacho madalali hawasemi, namba ya chasis haiko kwenye kile kibati peke yake. Kwenye Land Rover hizi imegongwa pia kwenye chuma chenyewe cha chasis, upande wa mbele kulia, pale springi inaposhikwa. Piga brashi ya waya, toa matope, utaiona. Kama kadi, kibati na chuma vinasema namba moja, hapo una gari. Vikipishana, una matatizo.

WENZETU WANAFANYAJE?

Hapa ndo kila nchi na sheria zake, na mahali pengine kila mkoa na zake.

Uingereza namba ya kawaida inaonyesha mwaka wa usajili, na sheria inakataza kabisa kuvalisha gari namba inayolifanya lionekane jipya kuliko lilivyo. Ukifufua gari la 1965 na ukathibitisha umri wake, unapewa namba inayolingana na umri huo. Likitimiza miaka 40 linaweza kuingia kundi la magari ya kihistoria: halilipi kodi ya barabara, na tangu Mei 2018 kwa kawaida halilazimiki kwenda ukaguzi wa kila mwaka. Ya kabla ya 1980 yaliyo kwenye kundi hilo yanaruhusiwa hata kuvaa vibao vya zamani, vyeusi vyenye herufi za fedha. Na yale yasiyojulikana umri wala asili, yaliyounganishwaunganishwa, yanapewa namba inayoanza na Q. Ukiona Q unajua: hili gari halina historia. Mimi hiyo Q naipenda. Haikunyimi barabara, ila pia haikuruhusu kudanganya mnunuzi.

Ujerumani, tangu 1997 gari lililofikisha miaka 30 likiwa katika hali yake ya asili linapewa herufi H mwisho wa namba, na kodi yake ni ya mkupuo, kama yuro 192 kwa mwaka bila kujali ukubwa wa injini. Lakini wale hukaguliwa kweli. Ukitoa injini ya kiwandani ukaweka nyingine ya ajabu, H unaweza kuikosa. Hapo Land Rover nyingi za kwetu zingefeli asubuhi na mapema, maana mafundi wetu walishazivalisha injini za Kijapani zamani, na bila hivyo zisingekuwa hai. Na namba zao mpaka leo zinataja mji: B ni Berlin, HH ni Hamburg. Zile za wilaya zilizofutwa, mwaka 2012 waliruhusu zirudi kwa sababu watu walikuwa wanazililia. Yaani mtu mzima na akili zake analilia herufi mbili za kwao. Nilipokuwa mdogo ningecheka. Nikiitazama TZ ya babu siwezi tena.

Marekani ndo usiseme, kila jimbo na lake. Pennsylvania gari la miaka 15 linaweza kupata kibao cha klasiki, na la miaka 25 kibao cha kale. Ukihamia Kansas unaambiwa subiri, hapa la kale ni kuanzia miaka 35. Kwa hiyo gari lilelile ni mzee upande mmoja wa nchi na kijana upande mwingine. Na majimbo mengi yanakuwekea masharti: gari la kibao hicho ni la maonyesho, gwaride na matembezi ya hapa na pale, si la kubebea mbao kila siku.

Kwetu? Kwenye usajili wa Bara kuna binafsi, biashara, serikali, mashirika ya umma, miradi ya wafadhili, balozi na kadhalika. Kundi la gari la kale halimo. Land Rover ya 1974 na Vitz zinapanga foleni moja. Kilicho karibu na upendeleo ni namba ya jina, ambayo mwaka 2016 ilipandishwa kutoka shilingi milioni 5 hadi milioni 10 kwa miaka mitatu. Kwa milioni 10 unaandika KALINZI mbele ya gari. Babu alivyosikia aliuliza kama hiyo hela wanakupa wao au unawapa wewe.

Mimi naona ni kosa kutokuwa na kundi hilo, na sisemi kwa ajili ya matajiri wa maonyesho. Oktoba 2024 Arusha walifanya tamasha la Land Rover, yakajaa barabarani, nchi nzima ikatazama. Magari yale hayakutoka makumbusho. Ni ya watu, mengi bado yanafanya kazi. Na sisi wa ziwani ndo tusifundishwe kutunza chombo cha zamani: Liemba ilishushwa majini 1915, ikazamishwa 1916, ikaibuliwa 1924, ikaanza tena kazi 1927, na ikabeba watu na dagaa kwa miongo na miongo. Meli inaheshimiwa kwa umri wake. Gari linaitwa mkweche.

UKIVUKA MPAKA, MAMBO MENGINE

Zanzibar wana daftari lao na namba zao zinaanza na Z, na zile za zamani ziliandikwa ZNZ. Ukipata Peugeot safi Unguja usidhani unaishusha Dar na kuanza kuitembeza kama yako. Bara wanaihesabu kama gari ambalo kodi yake itatazamwa upya, ulipe tofauti ndipo upate T. Usajili wa vyombo vya moto umekuwa kwenye orodha ya hoja za Muungano miaka nenda rudi. Hata zile herufi za kimataifa za kubandika nyuma zinatofautiana: EAT ya kwetu ipo tangu 1938, Zanzibar ni EAZ.

Dalali akikwambia "kuna Mkenya anaitaka, ataivusha Nairobi", mwulize ataisajilije. Kenya kanuni yao ya jumla ni kwamba gari linaloingia lisizidi miaka 8. Uganda tangu 2018 wameweka mwisho miaka 15. Kizuri kwa Wakenya ni kwamba magari waliyo nayo ndani bado unayaona na namba za zamani, herufi tatu na tarakimu tatu basi, zile za kabla ya 1989. Yule mwenye gari hana haja ya kueleza umri wake, kibao kinaongea.

Ng'ambo ya ziwa, Kongo namba zinabeba tarakimu za jimbo, Kinshasa ikiwa 01, kwa hiyo huko bado unaweza kumjua mtu kwao. Burundi, ambao tunapakana nao hapo Manyovu, wanatumia herufi za kimataifa RU, masalia ya jina la Ruanda-Urundi la enzi za Wabelgiji. Gari lao likiingia kwetu linakuja kwa kibali cha muda. Kibali kikiisha linatakiwa lirudi au lilipiwe. Ukiuziwa Land Rover "ya Burundi" soko la Manyovu kwa bei ya pikipiki, jua unachonunua ni kesi.

Na kwa sisi wa Kigoma kuna hili la magari ya mashirika. Mkoa huu umepokea wakimbizi miaka mingi, Lugufu, Mtabila, Nyarugusu, Nduta, na mashirika yameuza Land Cruiser nyingi kwenye minada. Mengi ya magari hayo yaliingia nchini kwa msamaha wa ushuru. Msamaha unamfuata aliyepewa, haumfuati mnunuzi. Ukilishika wewe, ushuru unaamka. Kabla ya kunyoosha mkono mnadani uliza: bei hii ni pamoja na ushuru au bila? Jamaa yangu mmoja hakuuliza. Gari analo, liko uani, kibao hana.

SASA LA BABU UNALIFANYAJE?

Kwanza habari njema ambayo wazee wengi hawaijui. Kilichowafanya wengi waogope kwenda TRA ni deni la leseni ya barabara. Gari limekaa chini ya mti miaka kumi na tano, lakini kila mwaka ada inahesabiwa, na faini juu yake. Mtu anapiga hesabu anaona deni limezidi gari. Hiyo ada ya kila mwaka ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18. Ilipangwa ilipwe mara moja tu gari linaposajiliwa, na msamaha ukatolewa kwa malimbikizo ya nyuma. Pengo likazibwa kwenye mafuta, shilingi 40 kwa lita, dizeli, petroli na hata mafuta ya taa. Kwa hiyo tangu hapo mwenye kibatari naye amekuwa akichangia barabara, na mwenye Land Rover iliyolala halipi kitu. Bunge lilipiga makofi sana siku ile. Ya kibatari sikusikia mtu akiyataja.

Pili, tafuta kadi ya asili na uiweke mahali ambapo panya hawafiki. Kama imepotea, anza polisi upate taarifa ya upotevu, ndipo uende TRA. Kama mwenye jina kwenye kadi alishafariki, hakuna njia ya mkato: familia ikae, iende mahakamani, ateuliwe msimamizi wa mirathi, na yeye ndo ataweza kusaini. Najua familia ambazo zimeuza gari la marehemu kwa karatasi ya daftari iliyosainiwa na shemeji. Mnunuzi wa namna hiyo hajanunua kitu.

Tatu, ukitaka gari litembee, lazima lipite kwa polisi kukaguliwa, chasis na injini zisomwe, zilinganishwe na kadi, mwenye gari awe na TIN, ndipo litoke kwenye TZ liingie kwenye T. Kama injini ilishabadilishwa, sema ukweli hapohapo na uwe na risiti ya injini. Bila namba ya T hata bima hupati, na bila bima usiliingize barabarani. Ada ya kusajili gari ilipandishwa 2016 kutoka 150,000 hadi 250,000. Ukiuza, hesabu uhamisho 50,000, kadi 10,000 na ushuru wa stempu asilimia moja ya bei. Bajeti ya kila Juni huwa inagusa vitu hivi, kwa hiyo pitia kaunta kabla hujavunja kibubu.

Nne, ukiuza uza gari zima. Kadi, kibati, kibao, bodi, mpaka kuku kama wanataka. Andikishaneni mkataba kwa mwanasheria au mahakamani, na usikabidhi mpaka jina limehamishwa. Mnunuzi wa kweli hatakataa kuongozana na wewe mpaka TRA Kigoma. Wale wawili, nilipowaambia twende wote Jumatatu, mmoja alikumbuka ana msiba Kasulu.

Basi asubuhi yake mimi na babu tukaenda na brashi ya waya na ndoo ya maji. Tulisugua kama saa nzima. Namba ikatoka, tukaisoma kwa sauti, yeye ameshika kadi, mimi nimelala chini ya bampa. Zimelingana zote. Babu akakaa kimya kidogo, halafu akauliza matairi ya namba hiyo siku hizi yanauzwaje. Nikamwambia nitaulizia Mwanga nikishuka. Kwa hiyo mwenye matairi ya 7.50-16, hata yaliyotumika lakini yana meno, aniandikie hapo chini.